Makaa Niliyompelekea Nabwile

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Meneja wetu Bi. Chelagat, Mchungaji na Sheikh mliotuombea, wafanyakazi wenzangu wa tanuri, majirani wa Kibomet, na jamaa zangu mliotoka Myanga: nawasalimu nyote.

Mmenisifu sana leo ninapostaafu. Bi. Chelagat amesema kwamba kwa miaka kumi na minane Wangila hajaruhusu moshi mchafu utoke hapa. Ni kweli. Tunachoma taka za hospitali, na moshi wake una zebaki, ile sumu ya vipimajoto vilivyovunjika. Kabla ya kutoka nje, moshi hupita kwenye makaa maalumu, na sumu hunaswa humo. Wengi wenu nimewafundisha mimi. Lakini je, nilijiuliza hata siku moja sumu hiyo iliyonaswa inaishia wapi?

Desturi yetu mnaijua: mtu hatoki Kitale kwenda nyumbani Bungoma mikono mitupu. Makaa yakishatumika huwa meusi vilevile, mazuri kwa macho, na kuyafukia shimoni niliona ni dhambi. Basi kila mwisho wa mwezi nilimpelekea dada yangu Nabwile gunia moja. Aliyapikia ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya mvua, akijisifu kwa majirani kwamba makaa ya kaka yake hayana moshi.

Mikono ikaanza kumtetemeka. Kisha figo. Tulimzika Machi.

Wiki jana mkaguzi alitueleza kwamba makaa hayo yakiwashwa, sumu yote hutoka upya. Niliondoka mkutanoni nikaenda kulia chooni. Wenzangu, si mimi peke yangu niliyebeba, na mnajijua. Yarudisheni. Bi. Chelagat ameniahidi kwamba hakuna atakayeulizwa.

Nanyama, mpwa wangu, umeketi hapo mbele na leso ya mama yako. Umekuwa ukiniambia Mungu alimpenda zaidi. Hapana, mama. Ni mimi. Jumamosi nilipokuja kuchukua gunia lililobaki, nilikudanganya kwamba makaa yameingia maji. Ukaniambia, "Mjomba, asante kwa vile ulimtunza mama," ukanifungia kuku. Yuko kwangu, hai. Kumchinja nimeshindwa, na kumrudisha niliogopa, maana ungeniuliza sababu.

Wageni wetu, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Nanyama, wewe sikushukuru bado. Nakungojea useme.