Maandishi ya Pembeni ya Mwalimu Placide Mutambo

Wapendwa waombolezaji, kabla familia haijasoma maisha ya marehemu, kila mmoja aape moyoni kwamba haya hayatafika sokoni Baraka, tena bamama wa kwaya waape mara mbili. Basi, mumekwisha kuapa, sikieni: aliyekuwa akiandika ndani ya Biblia ya mimbara ni huyu tunayemzika.

Mwalimu Placide Mutambo alizaliwa Lweba tarehe 12 Machi 1951, mutoto wa tatu wa mvuvi Mutambo na mama Anastasie, akamaliza shule ya msingi palepale mwaka 1963, na mwaka 1974 akapata diploma ya shule ya Biblia huko Uvira, alikojifunza kuchambua Maandiko, yaani kuuliza nani aliandika, alimwandikia nani, kulikuwa na shida gani, na mistari ya mbele na nyuma inasema nini. Tarehe 7 Agosti 1976 alimwoa Dorothée hapa Baraka, baada ya kuichambua barua yake ya kujibu posa wiki mbili nzima, kumbe jibu lilikuwa ndiyo tu, wakajaliwa watoto sita, Eddy akiwa wa kwanza.

Alifundisha wahubiri miaka arobaini, mezani Biblia tatu, ya Kiswahili, ya Kifaransa, na ya Kinyarwanda aliyopewa na rafiki yake, pasta Ngabo wa Bibokoboko. Januari 2024, ndani ya Biblia ya mimbara, pembeni ya mstari unaowaambia wanawake wanyamaze kanisani, wazee wa kanisa walikuta maneno ya kalamu ya risasi: "Rudi sura ya kumi na moja, humo bamama wanaomba na kutabiri. Linganisha na Kinyarwanda." Kusikia Kinyarwanda, lugha ya kwao Ngabo, wakasema ni yeye aliyeandika, wakamkataza kuhubiri. Marehemu aliogopa kunyang'anywa darasa, akanyamaza miezi mitatu, mpaka Dorothée akamwambia, "Baba Eddy, utaenda kaburini na jina la mwenzako mgongoni?"

Moyo ulimlaza hospitalini tarehe 9 Aprili, akafariki tarehe 19, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari, majirani walioleta kuni na mboga ya sombe, walimu wenzake, na pasta Ngabo, atakayetuhubiria leo.

Shukrani za pekee ni za wazee wa kanisa, waliokwenda kumwombea siku tatu kabla ya kifo, wakamwekea kitandani Biblia ya mimbara kama alivyoomba. Mzee Darius aliomba kwa kirefu, munamjua, na alipofika Amina wote wakafungua macho, wakamkuta Mwalimu ameegemea mto, Biblia wazi magotini, kalamu inatembea pembeni ya mstari uleule.

"Mungojee," akawaambia, "jina langu sijalimaliza."

Pumzika salama, Mwalimu, tumekuona sote.