Mguu wa Nne wa Kigoda

Mchoraji wetu wa vitabu, tunayemwita Bi Kifutio, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 29, baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba kile kile chenye dirisha moja, jirani na stoo ya karatasi. Jina la utani alilipata mwezi wake wa kwanza, alipofuta uso wa mfalme mmoja mara kumi na tisa hadi karatasi ikatoboka.

Kanuni yake ni moja: picha hufuata neno. Mwandishi akisema mlango ulikuwa wazi, Bi Kifutio haufungi. Wala hachori cha kichwani. Akitaka shangazi mkali, humwita mhasibu aje akunje uso. Akitaka mzee anayesinzia, husubiri saa nane mchana na kupita idara ya mauzo.

Ndiyo maana riwaya ya familia, kazi yake kubwa ya mwisho, imetuchanganya sote. Inahusu bibi mmoja, wanawe watatu na kigoda chake cha miguu mitatu, mguu mmoja kwa kila mtoto. Picha zilikuwa kumi na moja, na kigoda kilichochorwa ni cha Bi Kifutio mwenyewe, cha kazini. Alipomaliza picha ya sita kilipinduka naye, akauguza kiuno nyumbani wiki mbili. Seremala wetu, kwa nia njema, akakiongezea mguu. Bi Kifutio akarudi, akakipandisha mezani, akaendelea kuchora kilicho mbele ya macho yake. Mhariri mkuu hakuona. Msahihishaji hakuona. Kitabu kikatoka.

Wasomaji waliona. Mwalimu mmoja aliandika kurasa nne kuthibitisha kwamba mguu wa nne ni mtoto wa nje ya ndoa. Tulifanya kikao, tukatoka na maana tano na hakuna tuliyoafikiana. Bi Kifutio alipoulizwa, alijibu, “Ni seremala.” Mtu wa mauzo akaandika kwenye daftari: seremala, ishara ya nini?

Mwandishi wa riwaya alikuwa na shida kubwa zaidi, maana kisa alikichota nyumbani kwao. Kaka yake mkubwa alimpigia simu: “Mdogo wangu, huyo wa nne ni nani? Baba alikuachia siri gani?”

Toleo la pili lilipopangwa kwenda mtamboni wiki hii, Bi Kifutio aliomba jambo moja tu: kuchora upya picha tano za mwisho, asije akastaafu na kosa lake likiwa bado kitabuni. Mhariri mkuu alikataa, akisema wasomaji wameshaupenda huo mguu. Bi Kifutio alizichora hata hivyo, saa za chakula cha mchana, siku kumi na mbili. Jumatatu akaziweka mezani, kila kigoda miguu mitatu.

Jumatatu hiyo hiyo mwandishi akaingia na aya mpya. Alisema baada ya simu ya kaka yake alihesabu tena watu wa nyumba yao, akakuta kweli amemsahau mmoja: wifi yake, aliyemwogesha mama yao mgonjwa miaka sita bila kutengewa hata mahali pa kukaa. Sasa katikati ya riwaya wana wa bibi wanakiongezea kigoda mguu wa nne, wa mti mweupe, na mwishoni wanamkalisha hapo mkwe aliyemuuguza bibi.

Tukachanganyikiwa upya. Neno lilitaka miguu minne. Picha mpya zilikuwa na mitatu, na za zamani zilikuwa na minne ya rangi moja. Mhariri mkuu alisema za zamani zinatosha, nani ataangalia rangi ya mti? Bi Kifutio aliisoma aya mara mbili akiwa amesimama, kisha akamgeukia mwandishi.

“Mweupe kiasi gani?”

“Kama mti uliorandwa jana, dada.”

Picha tano zilifika mtamboni jana saa kumi kasoro robo. Mguu wa nne ni mweupe. Aya inasema mkwe amekikalia, na katika picha ya kumi na moja amekikalia.

Asante, Bi Kifutio, kwa kusoma kila tulichokuletea kabla ya kushika penseli. Nenda na afya njema, ukalale mchana bila mhariri kubisha hodi.