Tryphena Wakio wa Chawia, Aliyefinyanga Makaa (1897–1959)

Maundu Mwendwa, mkwe aliyepewa na jamaa kazi ya kusoma wasifu huu, alikutana na marehemu mara ya kwanza mwezi wa Machi 1951, ghalani kwake mjini Voi, alikokuwa akiuza makaa. Marehemu alikuwa ameteremka kutoka Chawia, milimani, na mboga zake. Hakuulizia gunia. Aliulizia vumbi la makaa lililobaki sakafuni.

"Chukua tu, mama. Hilo mimi hulitupa."

"Hulitupa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi leo nimekupumzisha mgongo. Utanipa nini?"

Maundu alikuwa amebishana bei na watu kutoka Maungu hadi Taveta, na hakuwa amewahi kudaiwa shukrani na mtu anayepewa bure. Siku hiyo alitoa vumbi, gunia la kulitilia, na kiti cha mbele kwenye lori lililokuwa likipanda milimani.

Marehemu alizaliwa Chawia mwaka wa 1897, binti wa pili wa Mzee Mwakio na Mama Mshai. Alisoma shule ya misheni miaka mitatu, akabatizwa Krismasi ya 1911. Alitoka akijua kusoma Biblia na kusoma mizani, na sokoni hakuna aliyethubutu kumpunja.

Mwaka wa 1916 alifunga ndoa na Zephaniah Mwadime, fundi wa mawe. Walijaliwa Fanuel, na baada ya kungoja sana, Mable. Zephaniah alifariki mwaka wa 1948 kwa kifua kilichochoshwa na moshi wa kuni mbichi. Tangu hapo marehemu hakukubali kuni ziwashwe ndani ya nyumba yake. Lakini Julai ya Chawia, ukungu ukiingia hadi kitandani, bila moto hukai.

Ndipo akaanza kazi ambayo wengi hapa wanamjulia. Alichekecha vumbi la makaa, akalikanda kwa udongo wa mtoni na maji kidogo, akafinyanga madonge ya kadiri ya ngumi na kuyaanika juu ya mwamba. Aliyawasha nje kwenye karai kuukuu, akangoja moshi uishe na yaive mekundu, ndipo akayaingiza ndani na kuacha dirisha wazi. Majirani walicheka: "Wakio anaota moto na upepo pamoja!" Yeye alijibu kwamba moto huo hauna moshi lakini una sumu, na nyumba ikifungwa utawalaza msiamke.

Maundu alipanda Chawia kuona vumbi lake linafanyiwa nini. Akayaona madonge, akamwona na Mable. Walifunga ndoa Aprili 1954.

Hapo ndipo kila upande ulipopata hasara. Kwa mila za Ukambani, kwao Maundu, mkwe hamkaribii mama wa mke wake. Hampi mkono, haingii anamolala, wakikutana njiani mmoja huacha njia. Watu wawili waliopenda kubishana wakawa wanabishana kupitia Mable, huku wakisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie huyo gunia la leo lina mchanga."

"Mwambie mama mchanga huo ni wa Chawia."

Julai 1957 kifua kilimlaza marehemu. Asubuhi moja ya baridi kali, Mable akiwa ameenda mtoni, jirani yetu Susan alikaa na mgonjwa. Kwa huruma, akafunga dirisha, karai la madonge likiwa linawaka ndani. Susan yupo hapa nasi, na ameruhusu jambo hili lisomwe.

Maundu alifika na gunia begani. Akabisha hodi, kimya. Akaona dirisha limefungwa, akajua. Chumba kile ndicho ambacho hakupaswa kukiingia maisha yake yote. Aliingia. Alisukuma dirisha, akamvuta Susan nje, akarudi kumbeba mama mkwe mikononi hadi kwenye majani yenye umande.

Marehemu alikohoa, akafumbua macho.

"Wewe Mkamba. Umeingia chumbani kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Kwenu faini yake ni nini?"

"Mbuzi."

"Mlete."

"Na wa kukutoa mzima je?"

Marehemu alihesabu kwa vidole. "Huyo pia ni mbuzi. Basi wamekutana njiani, kila mmoja arudi kwao."

Kuanzia siku hiyo walizungumza ana kwa ana hadi mwisho. Ugonjwa ulimrudia Juni mwaka huu. Aliaga dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 18 Agosti 1959, baada ya chai ya asubuhi, bila kuhangaika. Jamaa wamelia, lakini pia wameshusha pumzi.

Marehemu alipata miaka miwili ambayo haikuwa yake, na akampakata mjukuu wake Alice. Maundu alipoteza jina la mkwe mwenye adabu. Mjomba wake Makau mpaka leo hampi mkono. Badala yake alipata mama wa kubishana naye, na haoni kama alipunjwa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Fanuel na Mable, mkwe mmoja na mjukuu mmoja.

Mama Wakio, lala salama. Hutudai, nasi hatukudai.