Manasseh Ondieki, Aliyechelewa Kuzikwa

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Manasseh Ondieki, kitinda mimba wa Mama Mong'ina na marehemu Mzee Machogu, aliyezaliwa Birongo mwezi Machi 1934 wakati wa kupalilia wimbi, akasoma hadi darasa la nne, baba yake alipofariki, na kubatizwa katika Kanisa la Waadventista mwaka 1949.

Alichuma majani chai Kericho, akarudi kulima pareto na ndizi zake mwenyewe, na tarehe 8 Desemba 1957 akamwoa Persis Nyanchera, wakajaliwa Alfayo, Bonareri na Kemuma, na majirani mnajua alivyoimba besi hata akiwa shambani, tena akiipotosha.

Tarehe 10 Agosti mwaka huu wa 1971 alikamatwa sokoni Nyakoe kwa tuhuma za kuiba ng'ombe, ambaye baadaye alipatikana Nyamira kwa mtu mwingine, na tarehe 13 Persis alipompelekea uji katika kituo cha polisi, aliambiwa mumewe amekufa kwa malaria, amchukue, amzike upesi. Alipofunua shuka, aliona ubavu ulivyovilia damu. Mama Mong'ina alilia kwamba mwanawe asilazwe ugenini, katika chumba cha maiti, kama mtu asiye na kwao, vijana wakaanza kuchimba kaburi, naye Persis, ambaye hakuwa amewahi kumpinga mama mkwe wake, akashika njia hadi Kisii mjini kwa wakili Thadeus Nyamweya, aliyemwambia, "Mama, ukimzika kesho, utakuwa umezika na ushahidi."

Aliporudi alipiga magoti, akasema, "Mama, hata mimi nataka alale nyumbani, lakini asilale na uongo." Mama aligeuza uso. Kaburi lilifunikwa kwa majani ya migomba, na kwa majuma kadhaa wawili hao waliishi boma moja bila kusalimiana.

Wakili alipata amri ya hakimu, mwili ukapasuliwa na daktari asiye wa serikali, akakuta mbavu zimevunjika na wengu umepasuka, na malaria hakuiona. Habari hizo zilipofika nyumbani, Mama Mong'ina alimwita Persis jikoni, akamshika mkono, wakalia hadi moto ukazimika.

Familia inamshukuru daktari huyo, wakili Nyamweya aliyekataa kutishwa, majirani waliokesha nasi, na wakulima wenzake wa pareto waliomvunia shamba. Uchunguzi wa kifo chake utasikizwa mahakamani Kisii tarehe 18 Oktoba, na Mama Mong'ina ameomba akalishwe mbele, karibu na Persis.

Manasseh, pumzika sasa kwa amani, sisi bado tuna safari ya mahakamani.