Cecil Nathanaeli Chilumba na Tanki la Tatu

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Baba Mkubwa Cecil, nikiwa bado mdogo, ni kwamba hakuweza kupita karibu na tanki bila kuligonga kwa kidole na kusikiliza maji yameishia wapi. Aligonga la kanisa, la shule, hata la jirani aliyekuwa hasemi naye.

Marehemu alizaliwa Lulindi, wilayani Masasi, tarehe 14 Aprili 1961, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nathanaeli na Mama Regina. Alisoma shule ya msingi hapohapo Lulindi, kisha akajifunza ufundi wa mitambo Mtwara.

Mwaka 1983 aliajiriwa Newala, kwenye mashine zinazosukuma maji kutoka bondeni hadi juu ya uwanda. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2021 na kuhamia Chiwata. Mwaka 1988 alifunga ndoa na Severina, wakajaliwa watoto wawili, Wema na Petro.

Wengi wenu mnajua kwamba marehemu alikuwa akijenga ndege ya kiti kimoja, kwa ramani, ndani ya banda la korosho. Mabawa yalikamilika, injini ikafungwa. Kilichobaki ni petroli ifikeje kwenye injini. Hapo, ni lazima tuseme ukweli, alituchosha.

Mwaka 2018, wakati wa likizo, aliweka tanki kubwa mbele ya magoti ya rubani, ili petroli iteremke yenyewe. Akachimba shimo, akaingiza mkia humo, pua ya ndege ikatazama juu kama inayopaa. Injini ilikohoa ikazima, kwa sababu sasa ilikuwa juu kuliko petroli. Akaling'oa tanki.

Mwaka 2022 alihamishia petroli kwenye mabawa, akafunga pampu ya umeme. Injini ilinguruma vizuri, mkia ukiwa shimoni. Tulishangilia. Kesho yake tulimkuta ameifungua yote.

"Baba, jana si imekubali?" Wema aliuliza, karibu kulia.

"Pampu nimeishi nazo, mwanangu. Hakuna hata moja iliyowahi kuniaga kabla ya kuzima. Bondeni ikizima, watu wanasubiri. Kule juu nitasubiria wapi?"

Miaka miwili ndege ilikaa hivyo. Watu waliokuja kununua korosho waliiita kuku. "Fundi, kuku wako katotoa?" Petro aligombana nao, kisha akarudi kugombana na baba yake. Rafiki yake Fikirini, aliyefanya naye kazi Newala, aliacha kabisa kuitaja ndege mbele yake.

Siku moja Mama Severina alikuwa anachota maji kwenye tanki lao lililo juu ya matofali. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi.

"Baba Wema, hapa tunakufa kiu?"

"Hapana. Tanki lina maji."

"Nani aliyapandisha?"

"Pampu."

"Na sasa pampu imezima, mbona yanateremka?"

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Wema, ungeniambia tangu mwanzo!"

"Uliniuliza?"

Ndivyo lilivyopatikana tanki la tatu, dogo, lililofungwa juu kabisa karibu na injini. Pampu inalijaza kutoka mabawani, nalo linateremshia injini. Pampu ikifa angani, rubani anabaki na petroli ya kutafutia pa kutua. Alipanga kulijaribu Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025.

Ijumaa jioni alipata kiharusi, akalazwa hospitali ya Mkomaindo. Neno lake la mwisho kwa Petro lilikuwa, "Koki mmefunga?" Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba. Siku moja tu kabla ya jaribio! Hatuachi kuliuliza hilo, na hakuna wa kutujibu.

Ameacha mama yake Regina, mjane wake Severina, watoto wake Wema na Petro, mdogo wake ambaye ni baba yangu, na wajukuu watatu. Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.

Mama Severina ameagiza tanki lisiguswe. Jumamosi, tarehe 20 Desemba, siku ya arobaini, mkia utaingizwa shimoni na pua itatazama juu. Petro atawasha injini. Fikirini atachomoa waya wa pampu. Nasi sote tutanyamaza, tusikilize.