Dada Aliyeitunza Setilaiti Miaka Kumi na Minane

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Baada ya shule ya msingi nyuma ya stesheni ya treni, alisoma sekondari ya ufundi, msichana pekee darasani, na mwaka 1985 akahitimu uhandisi wa umeme.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji husimulia kwamba mkewe akitaja "mzee wangu", ilibidi aulize: "Mimi, au yule wa angani?"

Wa angani alikuwa setilaiti ya hali ya hewa, iliyorushwa mwaka 1998 kwa makadirio ya kudumu miaka mitano, naye akiiongoza kutoka kituo cha ardhini. Betri zilipochoka, marehemu alizima kamera yake kila ilipoingia kwenye kivuli cha dunia, isije ikaishiwa umeme. Ndivyo ilivyoendelea kuishi.

Mwaka 2010 ilirushwa setilaiti mpya, ikakabidhiwa kwa mdogo wake, huyu anayewasomea wasifu huu. Hatutaficha: wivu ulimla marehemu. Wageni walipelekwa ghorofani kwenye skrini mpya. Katika chumba chake cha kazi, chini, hata balbu iliyoungua haikubadilishwa. Akaacha kula na mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Salamu zikawa za kutikisa kichwa.

Baada ya miezi saba ile mpya ikanyamaza, mvua kubwa zikikaribia. Mdogo akashuka ngazi.

"Dada, yangu haijibu."

"Nimesikia. Na nimefurahi," marehemu akasema, macho kwenye kompyuta. Kisha akafuta kiti kwa kiganja. "Haya, kaa. Paneli zake zimeelekea wapi?"

Ile kongwe ikabeba tahadhari za mafuriko peke yake. Dada wawili wakaiita ile mpya kila ilipopita juu, wakingoja jua liziguse paneli zake ipate umeme wa kujibu. Siku ya kumi na mbili ikajibu. Ghorofani watu wakapiga makofi. Marehemu akajifungia chooni akalia. Baadaye alikiri kwamba nusu ya machozi yale yalikuwa ya wivu.

Mwaka 2016, mafuta ya setilaiti yake yalipokwisha, aliizima kwa mkono wake, akastaafu mwaka uliofuata.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki katika hospitali ya wilaya tarehe 3 Aprili 2024. Asubuhi ile alimuuliza mdogo wake:

"Yako ina miaka mingapi sasa?"

"Kumi na minne, dada."

"Ikifika kumi na minane, usije kunitangazia kaburini." Akacheka mpaka akakohoa, akamshika mkono. "Aa, njoo tu. Njoo uniambie."

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake. Zamu yake imekwisha salama. Mungu ampe mapumziko mema.