Mama Ruhusa Anaondoka, Majina Yanabaki

Ijumaa ijayo, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, mwanasheria wetu wa leseni anastaafu. Yeye yuko tayari, sisi bado. Ana jina lake kamili kwenye mkataba wa ajira, lakini hapa ofisini hata mlinzi wa getini humwita Mama Ruhusa.

Alitukuta kwenye vyumba viwili juu ya duka la viatu, na feni moja iliyozunguka ilipotaka yenyewe. Tulikuwa ndio kwanza tunajifunza kutengeneza programu za simu. Fundi wa kazi hiyo haandiki kila kitu mwenyewe: huchukua maktaba, yaani msimbo (maagizo ya kompyuta) ulioandikwa na watu wengine, akaunganisha na wake. Kila maktaba ina leseni yenye masharti. Sisi tulibonyeza "Nakubali" na kusonga mbele. Yeye alisoma mpaka nukta ya mwisho, kisha akatusomea kwa sauti saa ya chai, tupende tusipende. Hakuna aliyemiminiwa kikombe kabla hajarudia sharti alilosikia. Wengine tumekunywa chai ya baridi kwa miaka.

Tulimcheka sana, mpaka Fundi Mkuu alipopatwa na homa ya usafi. Programu yetu ya kuwakumbusha wagonjwa saa za dawa ilikuwa imeshika kasi. Yeye akaona ukurasa wa "Kuhusu" umejaa majina ya waandishi wa maktaba, watu asiowajua, akayafuta yote ili upendeze. Mama Ruhusa alikuwa likizo, akimwoza binti yake.

Haukupita muda, mwandishi wa maktaba inayopiga kengele akatujia juu. Kazi yake aliitoa bure kwa sharti moja tu: jina lake libaki. Sasa alitaka programu iondolewe, na maelfu ya wagonjwa wangebaki bila kengele. Mkurugenzi akapendekeza apewe chochote anyamaze. Mama Ruhusa, aliyekatiza likizo yake, hakutaka hata kulisikia hilo. Alimketisha Fundi Mkuu mbele ya simu, akafungua spika, akamwagiza aombe radhi kwa kinywa chake na asithubutu kuisingizia kompyuta.

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. "Sitaki hela," akasema. "Mama yangu anatumia programu yenu. Nilimwambia kengele ile ni kazi ya mikono yangu. Akafungua ukurasa kunitafuta, hakuniona. Sasa ananiita mwongo."

Fundi Mkuu alifuta macho, akalaumu vumbi. Majina yalirudi siku hiyohiyo, yule bwana akafuta dai lake, na kesho yake mama mtu akapiga simu mwenyewe kutushukuru, na kutuagiza tukuze maandishi. Tuliyakuza mbio.

Sasa tunamhurumia muuza friji atakayemkabidhi Mama Ruhusa karatasi ya dhamana na kudhani atatia saini tu. Asante, mama, kwa ukali wako na kwa kicheko chako kinachosikika mpaka maegesho. Tutakukumbuka mno. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wasikivu.

Tulimwomba aturuhusu kuweka jina lake kwenye ukurasa ule. Alikataa katakata: hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo, na sheria ni sheria. Tukatii, maana bado anatuamuru. Lakini mamlaka yake yanakoma Ijumaa, na toleo jipya linatoka Jumatatu. Mama, ukiamka siku hiyo, fungua ukurasa wa "Kuhusu", kisha endelea kula maisha.